Mwenye duka yupo?

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Mwanza: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, koki, mabomba, vyote vya kuanzia msingi mpaka kofia ya bati. Duka ni langu. Mtaji wa kwanza niliutoa kwenye kikoba chetu cha akina mama, nikaanza na misumari na rangi, saruji ikaja baadaye. Leseni ina jina langu, namba ya mlipakodi ni yangu, na hesabu za jioni nazifunga mwenyewe. Pamoja na hayo yote, swali ninaloulizwa pale kaunta kuliko hata bei ya saruji ni hili: "Mama, mwenye duka yupo?"

Wanaouliza hawana ubaya. Wengi ni watu wa adabu, vijana wananiamkia, wakubwa wananiulizia hali ya watoto. Na hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Matusi kila mtu anayajua, na mwanamke akitukanwa hadharani hakosi wa kumtetea. Haya ninayoyasema mimi huja na tabasamu, hutoka kwa watu wema, na aliyeyatoa huondoka zake bila kujua kwamba ametoa kitu.

Alikuja baba mmoja wa makamo na karatasi ya daftari aliyoandikiwa na fundi wake: nondo za milimita 12, nondo za milimita 8 kwa ajili ya ringi, waya wa kufungia kilo tano, saruji. Nilikuwa nimekaa mezani, kitabu cha risiti mbele yangu. Kijana wangu wa duka, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kabisa kwenye kazi, alikuwa anafagia. Yule baba akanisalimia vizuri, akanipita, akamfuata kijana na fagio lake. "Kijana, hizi nondo zenu za kumi na mbili ni kumi na mbili kweli, au ndiyo zile zinazolalamikiwa?"

Swali zuri sana, kila anayejenga angepaswa kuliuliza. Kijana akanitazama. Nikainuka, nikamweleza yule baba kwamba nondo ya milimita 12 iliyotimia, ukikata kipande cha mita moja ukakiweka kwenye mizani, inakaribia gramu 890. Ikija gramu mia sita na kitu, ujue umeuziwa ya milimita 10 kwa bei ya 12. Mizani ipo, kipande ninacho, nikakiweka, akasoma mwenyewe. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akaridhika, kisha akamgeukia kijana: "Ahsante sana, kijana, umenisaidia." Hela akampa kijana. Kijana akaniletea mimi pale mezani.

Kwenye simu ni hivyo hivyo. Madereva wa magari ya mzigo, wauzaji wa jumla, wakishafika kwenye jambo lenye uzito kidogo utasikia, "Basi mama, nipe mzee niongee naye." Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Atakuchambulia shairi mpaka ulipende, lakini bati la geji 28 na la geji 30 hajui lipi nene, na hana sababu ya kujua, kwa kuwa hiyo si kazi yake. Siku hizi akipewa simu anasema, "Ngoja nikupe bosi," ananirudishia. Hakuna aliyemfundisha. Kijana wa duka naye amejifunza, mteja akimfuata na fagio anamwonyesha meza kwa mkono: "Bosi yule pale." Wako wanaocheka, wakidhani anatania.

Hata majirani zangu wanawake wananiambia nina bahati, mzee amenifungulia duka. Wanakikoba wenzangu tu ndio wanaojua hela ilikotoka.

Benki nako nilipita. Nilikwenda kukopa, dhamana ikiwa mali iliyomo dukani, afisa mikopo akanitaka nilete barua ya mume kuonyesha kwamba anafahamu. Naijua sheria ya ridhaa ya mwenzi: nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzi kukubali. Sheria hiyo naipenda, imewaokoa wanawake wengi wasiamke asubuhi vyombo vyao viko nje. Lakini mimi sikuweka nyumba, niliweka mabati yangu. Mume wangu alipochukua mkopo wa mshahara hakuna aliyemuuliza kama mkewe anafahamu. Nilimuuliza yule afisa tofauti iko wapi, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, ni utaratibu tu wa kujiridhisha."

Nikisimulia haya, watu wananiambia ni madogo, niyaache. Mimi ni mfanyabiashara, na kila kidogo nakipigia hesabu. Ngoja niwaonyeshe hiki kinagharimu nini.

Sehemu kubwa ya wateja wangu siku hizi ni wanawake wanaojenga. Wauguzi, walimu, wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, wajane, mabinti ambao hawajaolewa na wamechoka kupanga. Anakuja na fundi wake. Hela iko kwenye mkoba wa mama, lakini mazungumzo yote anayafanya fundi, tena na mwanaume yeyote atakayemkuta dukani, hata kama ni mteja mwenzake. Fundi anataja mifuko, mama anahesabu noti. Fundi anataja nondo, mama anahesabu noti. Akitaka kuuliza anaambiwa, "Mama, hayo ya ufundi niachie mimi."

Muuguzi mmoja alitaka tofali 1,000 za inchi sita. Fundi akamwambia mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali 25, na hiyo ni hesabu ya tofali imara, sina ugomvi nayo. Akanunua mifuko 40. Tofali zilipokauka akazihesabu, 1,000 kamili, akaridhika. Siku ya kuzipeleka kwenye ukuta akanyanyua moja, pembe ikamong'onyokea mkononi mwake. Kibarua aliyekosana na fundi ndiye aliyekuja kusema ukweli: zilifyatuliwa tofali 40 kwa mfuko mmoja. Piga hesabu. Tofali 1,000 zilikula mifuko 25, mifuko 15 ikaenda kuuzwa pembeni. Na alikuwa ameanza kushtuka mapema. Alipoona mchanga mwingi kuliko saruji kwenye mchanganyiko aliuliza. Fundi akacheka. Kaka yake, aliyekuwa amemsindikiza, akamwambia amwache fundi afanye kazi yake.

Kaka yule anampenda dada yake. Alikuja naye jua kali, akabeba maji ya kumwagilia tofali. Lakini sentensi yake ile moja ndiyo iliyompa fundi ruhusa.

Najua wanaume nao huibiwa na mafundi, tena sana. Tofauti ninayoiona kaunta kila siku ni kwamba mwanaume akiuliza anajibiwa. Anaweza kujibiwa uongo, lakini anajibiwa, na fundi anajua kwamba ataulizwa tena kesho. Mwanamke anatulizwa. Wizi wa mifuko 15 ulianzia pale fundi alipogundua kwamba mwenye hela anaweza kuzungumziwa juu ya kichwa chake na hakuna mtu atakayeona ajabu.

Kwa hiyo dukani kwangu nimeweka utaratibu. Akija mama na fundi, namkaribisha fundi vizuri, kisha namgeukia mama: unajenga nini, vyumba vingapi, umefika wapi? Nasubiri ajibu yeye. Fundi akimjibia, nauliza tena. Namweleza saruji ya 32.5 (namba hiyo ni kipimo cha nguvu zake) inatosha kwa tofali na plasta, ya 42.5 iende kwenye nguzo, jamvi na mikanda, asije akauziwa ya bei kubwa pasipo na haja, wala ya bei ndogo mahali patakapobeba nyumba. Risiti naandika jina lake. Wapo mafundi waliohama duka langu kwa ajili hiyo. Wapo waliobaki, na hao ndio ninaowapendekeza kwa wengine.

Shuleni mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 2021, fedha za UVIKO zilipokuja na nchi nzima ikawa inajenga madarasa 15,000, wazazi wa mtaani kwetu tuliitwa mkutano. Zilitakiwa kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi ya vifaa. Wakatajwa watu, wanaume mmoja baada ya mwingine, watu ninaowaheshimu. Walipojaa, mwenyekiti akasema, "Sasa akina mama, tuje upande wenu." Upande wetu ulikuwa chakula cha mafundi. Nikanyoosha mkono, nikasema mimi nauza mabati na nondo, ningefaa kwenye mapokezi, naweza kutambua bati jepesi kwa kulishika tu. Watu wakanipigia makofi, wengine wakasema huyo ndiye mama wa shoka. Makofi yalipoisha, nikapewa utunzaji wa fedha za chakula.

Nimeyafikiria makofi yale kwa muda mrefu. Yalikuwa ya kweli, walifurahi kweli kwamba kuna mama anayejua mabati. Ila katika ukumbi mzima hakuna aliyeona kwamba ujuzi huo ungeweza kutumika palepale, siku ileile, kwenye mzigo utakaoshushwa wiki inayofuata. Nilipika, nikatunza fedha, zikabaki na nikazirudisha. Madarasa yamesimama na watoto wanasoma, sina neno juu ya bati lililoezekwa. Lakini hakuna aliyewahi kuniita nilitazame.

Nikiongea hivi huwa naambiwa, nchi inaongozwa na mwanamke tangu Machi 19, 2021, mnataka nini tena? Nilifurahi siku ile, nilifunga duka nikatazame akiapishwa. Lakini Juni 1 ya mwaka huohuo, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge baada ya mbunge mwenzake, mwanaume, kusimama na kulalamikia suruali aliyovaa. Mtu aliyetumwa na jimbo zima. Na mwezi Agosti Rais mwenyewe, akiwapongeza vijana wa kiume wa soka pale Ikulu, aliwataja wachezaji wa kike, akazungumzia vifua vyao na jinsi ndoa ilivyo ndoto kwa baadhi yao. Namheshimu Rais wangu, na maneno yale yaliniuma. Niliyasikiliza nikiwa na binti yangu, ambaye anacheza mpira shuleni. Oktoba, Twiga Stars wakachukua kombe la COSAFA. Nilimwita binti sebuleni tukatazama picha zao sote wawili, na tulizungumza juu ya mabao tu.

Yametoka kwa mwanamke, tena mwenye cheo kikubwa kuliko wote, kwa hiyo sikubali hoja kwamba hii ni vita ya wanawake na wanaume. Shangazi zangu wananiambia maneno mazito kuliko mteja yeyote.

Kuna moja tunalisema wote, wanawake kwa wanaume, na ningetamani tuliache. Mtu anaulizwa, "Mkeo anafanya kazi gani?" Anajibu, "Hafanyi kazi, yupo tu nyumbani." Huyo aliyepo tu nyumbani ameamka saa kumi na moja, ameteka maji, amewasha mkaa, amewavalisha watoto, amemuuguza mama mkwe. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza jambo hili mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: Jaji Mkuu Nyalali aliandika kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Miaka zaidi ya arobaini. Mimi hilo namwambia kila mteja mwanamke ambaye ananieleza kwamba nyumba anayosimamia ni ya mumewe peke yake kwa kuwa yeye "hana kazi".

Na sasa niseme lililonisukuma kuandika.

Mimi ni Mhaya, kwetu ni Bukoba. Desemba tunarudi nyumbani, kama Wahaya wengi, na mwaka jana ukoo ulikaa kikao kwa ajili ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha marehemu baba. Wazee walikaa uani kwenye mabenchi, kaka zangu kando yao, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiwa katikati. Sisi dada zao tulikuwa jikoni na ndizi. Nasikia kila kitu kupitia dirishani: mpaka wa upande wa bondeni umesogezwa na jirani, migomba iliyozeeka ing'olewe, nani atasimamia. Kaburi la baba nililijengea mimi, saruji ya dukani kwangu ilisafiri na meli kutoka Mwanza. Mpaka ule wa bondeni naujua kuliko kaka zangu wote wawili wadogo, maana ndiko nilikokuwa nateka maji nikiwa mtoto.

Mtoto wa kaka yangu mkubwa ana miaka 12, ni wa kiume. Binti yangu ana miaka 12. Mzee mmoja akamwita yule wa kiume: "Njoo ukae hapa, usikilize, mambo haya yatakuwa yako." Kijana akaja akabanwa kati ya babu wawili. Kisha yule mzee akainua macho akamwona binti yangu: "Na wewe mjukuu wangu, tuletee kahawa." Binti akaleta kisahani cha kahawa za kutafuna, akapiga magoti, akampa kila mmoja. Alipomfikia binamu yake, yule ambaye asubuhi walikuwa wanakimbizana naye migombani, akasita. Yule kijana naye aliona haya, akachukua punje moja haraka akatazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko. Hakuna mtu aliyesema neno baya. Ulikuwa mchana mzuri, wazee wakimbariki binti kwa adabu yake.

Usiku aliniuliza kama kibanja cha babu ni chake pia. Nilimjibu ndiyo, na nikamsimulia habari za Holaria Pastory. Mwanamke wa kwetu, aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke wa Kihaya haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo, na kweli sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana uwezo uleule wa kuuza kama mwanaume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaja kuandika waziwazi kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanaume.

Binti akauliza, kama ni hivyo, mbona leo tulikuwa jikoni? Hilo ndilo swali. Sheria iko upande wetu tangu kabla hajazaliwa, na hakuna aliyetufukuza uani. Tulikwenda jikoni kwa miguu yetu kwa sababu tangu tukiwa na umri wake tumetumwa kahawa wakati wenzetu wanaitwa kukaa. Kikao cha urithi kinapofika, mtu ameshazoea upande wake miaka thelathini. Ndiyo maana nakataa kuambiwa kwamba haya ni madogo.

Kaka mkubwa amenipigia wiki iliyopita. Desemba hii kikao kinaendelea, na safari hii wanamthibitisha musika, yaani mrithi mkuu wa marehemu. Nimemwambia nakuja na binti, na kwamba mimi na dada zangu wawili tutakaa kwenye mabenchi tangu mwanzo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Njoo, mdogo wangu, ila sijui wazee watasemaje." Nikamwambia wazee wakiwa na neno watanieleza mimi mwenyewe, tutazungumza kwa heshima, nami nina neno langu kuhusu mpaka wa bondeni. Kahawa watagawa watoto wawili, wa kiume na wa kike, wakimaliza wakae wote wasikilize. Na nimemwomba jambo moja zaidi: kikao kiwe na muhtasari ulioandikwa, majina ya watoto wote sita wa marehemu yawemo, na kila mmoja wetu atie sahihi yake.